Kikao Kilichoniacha Nje

Kahawa ikishamenywa huacha maganda mekundu, na maganda hayo yakirundikwa nyuma ya zizi wiki nzima, katika ukungu wa Masama, kwetu Kilimanjaro, hutoa harufu kali, nusu ya pombe na nusu ya tunda lililooza. Watu wengi wa kwetu wakiisikia hukumbuka nguo mpya za Krismasi. Mimi hupandwa na hasira. Msimu mmoja wa mavuno, nikiwa darasa la tano, nililala na harufu ile ikiingia dirishani kutwa nzima, kwa sababu nilikuwa mgonjwa wa ugonjwa ambao hakuna mtu nyumbani aliyeukubali kuwa ugonjwa. Mwili ulikuwa mzito kama gunia lililonyeshewa. Mtori wa mama, ule uji mzito wa ndizi na nyama ambao siku zote niliugombania na mdogo wangu Eli, ulinishinda kumeza. Nililia bila kujua ninalilia nini. Halafu, baada ya wiki kadhaa, mambo yaligeuka: niliamka kabla ya jogoo, nikafagia uwanja, nikakata majani ya ng'ombe ya siku mbili, nikaongea bila kupumua, nikamjibu mwalimu na kucheka kanisani katikati ya mahubiri. Kisha nikaanguka tena kitandani.

Watu wazima hawakukosa majina ya kunipa. Nikilala nilikuwa mvivu, nikiamka nilikuwa mkaidi. Baba Mkubwa, kaka yake baba na msemaji wa ukoo wetu, alisema marehemu bibi Manka, niliyerithi jina lake, amekasirika, basi mbuzi akachinjwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwenye migomba aliyoipanda bibi mwenyewe. Nyama ililiwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa, wazee wakarudi makwao wameridhika, nami nikabaki vilevile. Mwinjilisti alikuja kuniombea. Jirani alishauri fimbo. Baba yangu, mtu mpole aliyezoea kuongea na ng'ombe wake kuliko na watu, alikubali kila ushauri kwa sababu kila mshauri alikuwa amemzidi umri, na fimbo nilizipata. Sijawahi kuona mtoto wa malaria akichapwa ili homa ishuke. Lakini mtoto anayeumwa hisia kila mtu anajiona daktari wake, na dawa ya kwanza inayokuja mkononi ni ya kuumiza.

Mama ndiye aliyechoka kwanza. Alinipeleka hospitali mjini Moshi bila kuaga mtu, na huko tukaelekezwa kwa mama mmoja wa makamo, mshauri wa watoto, mwenye sauti ya chini. Aliongea na mimi kabla ya kuongea na mama. Aliniuliza asubuhi zangu zikoje, nalala vipi, nini kinanifurahisha na nini kimeacha kunifurahisha. Nilishangaa, maana katika miezi yote ile hakuna aliyekuwa ameniuliza. Alimweleza mama kwamba watoto nao hupata ugonjwa wa hisia, mara huzuni nzito, mara msisimko usio na breki, na kwamba unatibika. Ila matibabu hayatakuwa ya Manka peke yake, akasema. Walio nyumbani wanaishi na ugonjwa huu kila siku, nao wanahitaji kufundishwa. Juma lijalo tuje familia nzima.

Mama alifikisha ujumbe kama alivyopewa: familia nzima. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kwetu familia haiishii mlangoni. Baba Mkubwa alipopata habari alivaa koti la kanisani, akakusanya wazee wa ukoo na kukodi pikapu. Walifika hospitalini wamejaa, sisi tukiwa nao, muuguzi akawafungulia chumba wamsubiri mshauri, nao wakapanga viti vizuri, wakafungua kwa sala, Baba Mkubwa akakalia uenyekiti. Na kwa kuwa mtoto haketi kwenye kikao cha wazee, niliambiwa nitoke. Wakanipa soda, nikakaa kwenye benchi chini ya dirisha, nikisikiliza watu waliosafiri kutoka mlimani kwa ajili yangu wakinijadili kama ndama aliyekataa kunyonya. Haikuwachukua muda kuamua. Nipelekwe Tarakea kwa shangazi, mwenye biashara sokoni karibu na mpaka wa Kenya, nikabadilishe hewa, na kazi nyingi zitanitoa uvivu. Binamu yangu mmoja alipelekwa hivyohivyo kubadilisha hewa, na alirudi baada ya miaka mingi, akiwa mtu mzima. Nilimsubiri baba aseme neno. Hakusema.

Mshauri alinikuta pale na soda yangu ambayo sijaigusa.

“Mbona uko nje?”

“Kuna kikao.”

“Kikao cha nani?”

“Changu.”

Alinishika mkono tukaingia. Aliwaamkia wazee wote kwa heshima, kisha akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, yeye akasimama. Aliomba wanaolala nyumba moja na mimi wanyooshe mikono. Ikanyooka miwili, wa baba na wa mama; Eli alikuwa ameachwa nyumbani. Waliobaki akawaomba kwa upole wasubiri nje. Baba Mkubwa alisema yeye ndiye aliyemzika babu yangu na kugawa kihamba, na hajawahi kutolewa kwenye kikao cha ukoo wake. Mshauri akamjibu kwamba hiki si kikao, ni matibabu. Wakatoka, wakabanana kwenye benchi langu, na wao hakuna aliyewanunulia soda.

Tulirudi pale mara nyingi, baba, mama, Eli na mimi. Wasiojua hudhani ni maongezi tu, lakini ilikuwa kazi kuliko kuchuma kahawa. Baba alifundishwa kwamba nikianguka asisimame mlangoni kufoka, aje akae ukingoni mwa kitanda, hata kama hana la kusema. Mama alifundishwa kuuona msisimko ukija kabla haujafika, na kuilaza nyumba yote mapema kwa saa ileile. Tulijifunza kuongea mmojammoja, hata Eli, ambaye alilalamika kwamba tangu niugue hakuna anayemuuliza habari zake. Alikuwa na haki. Baba alikaa kimya juma baada ya juma, kofia magotini, mpaka siku moja mshauri alipomuuliza kuhusu fimbo.

“Nilimchapa kwa sababu niliogopa,” alisema. “Niliona mtoto ananipotea.”

Nililia siku hiyo, na safari hii nilijua ninalilia nini.

Krismasi ilifika, ukoo ukapanda mlimani kutoka kila kona ya nchi. Ng'ombe alichinjwa, na kwetu mdogo humpelekea kaka yake kidari, heshima isiyo na mjadala. Mbele ya watu wote Baba Mkubwa alitangaza kwamba mambo yetu ya ndani yanapelekwa mjini kwa wageni, kwamba sasa basi, na kwamba gari la Tarakea limeshapatikana. Baba alibeba kidari kwenye jani la mgomba, akakiweka mbele ya kaka yake kwa mikono miwili, akainama kama desturi ilivyo.

“Kidari ni chako, kaka,” alisema. “Mtoto ni wangu. Haendi popote, na kliniki tutaendelea.”

Hakupandisha sauti. Baba Mkubwa hakukanyaga kwetu kwa miaka, na ndugu wengine wakamfuata. Baba aliumia, nilimwona. Lakini nilibaki nyumbani, na polepole, kwa kuanguka na kuinuka, nikakua.

Siku hizi naishi Moshi mjini. Redio zinazungumzia sonona, watu wanavaa fulana za afya ya akili, na ukoo wetu una kundi la WhatsApp. Mwaka jana Joshua, mjukuu wa Baba Mkubwa, aliacha kula na kuongea. Kikao kikafanyika kwenye simu, na yeye, mtoto asiye na simu, hakuwepo. Wakaamua apelekwe shule ya bweni, mbali, akanyooke. Watu wenye shahada walituma vidole gumba. Niliandika kwamba mtoto huyu anaumwa, kwamba mimi niliumwa hivyohivyo na kila mmoja wao anajua nilivyotibiwa. Mmoja akanijibu kwa mstari wa Biblia, wengine wakahamia kwenye mchango wa harusi. Niliifunika simu kwa hasira juu ya meza ya jikoni.

Baadaye mama yake Joshua alinipigia simu, akinong'ona, akitaka kujua kliniki ile huwa siku gani. Nilimtajia siku, nikamwambia aje na mtoto, na baba yake Joshua naye aje.

“Dada, amekataa. Anasema yeye haumwi.”

“Hata baba yangu alikuwa haumwi,” nikamwambia. “Alikuja.”