Doa la Doti

Kibao nilikiandika mwenyewe, kwa wino mwekundu: kitambaa kilichokatwa hakirudi. Nikakitundika dukani kwangu, hapa Kismayo, nikajiona mjanja. Loo, mjanja wa nini mimi!

Leso huja doti, vipande viwili havijatenganishwa. Kwetu, mama wa bibi harusi huikata kwa mkono wake, kipande kimoja akampelekea mama wa bwana harusi, cha pili akajifunga yeye, wakawa sare. Kabla ya hapo doti haikunjuliwi. Nililijua hilo tangu utotoni. Basi robota langu la leso lilipoingia maji ya chumvi bandarini, nilizianika zile leso, nikazikunja upya, madoa nikayaficha ndani. Nani angeyaona?

Aliyeyaona ni mama mmoja wa Chula. Alikuja kwa mashua, harusi ya bintiye imebaki siku mbili, akaitandaza doti aliyoinunua kwangu juu ya meza yangu. Kipande kimoja kisafi, kingine kina doa la kahawia hapo katikati.

"Mwanangu, nitavaaje hivi mbele ya wachu?" akauliza kwa lafudhi ya kisiwani kwao.

Nikamwonyesha kibao. "Si umeshaikata, mama?"

"Nimeikata. Lakini doa nimelikuta ndani."

"Labda imevujiwa huko nyumbani," nikasema, macho makavu. Wallahi nilisema hivyo. Alifikiri kidogo, akaniomba radhi kwa kunisumbua, akaikunja leso yake akaenda. Yeye ndiye aliyeniomba radhi!

Tangu hapo sikupata raha. Kila nikimuuzia mteja doti namwona yule mama. Mwezi ulipokwisha nikapanda mashua kwenda Chula na doti mpya, nzuri kuliko ile.

Alinikaribisha, akanimiminia chai. Nikamwambia yote: maji ya bandarini, kukunja upya, na ule uongo wangu wa kuvujiwa.

Nikadhani ananipangia matusi. Natamani angenitukana.

"Ile doti aliiweka binti yangu," akasema. "Nilirudi nikamgombeza, nikamwambia ameiweka kwenye mvujo. Akaapa hakuiweka. Sikumwamini, nilikuamini wewe. Kaolewa tumenuniana, kaenda kwa mumewe Ras Kamboni, na simu zangu hapokei."

Doti mpya akanisukumia taratibu.

"Hiyo rudi nayo, mwanangu."

Nikarudi nayo.