Kitenge ya Mama kwa Kamba

Mwanangu, hadisi hii inanionyesha mujinga, basi cheka mapema tumalize. Ndiyo, nakuita mwanangu hata kama ndevu zangu bado zinatafuta njia. Ile siku ilinizeesha.

Nakumbuka asubui moja hapa Baraka. Mvua haikunyesha, lakini kitenge ya mama ya kulalia ilikuwa kwa kamba, inatona maji. Kesho yake, vile vile. Baba alishakufa, tulikuwa tunakaa mu lupango, kiwanja ya bandugu zake. Nikajiuliza: mujane anaendaka kuoga mu ziwa usiku na nani? Sokoni anasinzia juu ya ndakala zake, zile samaki ndogo, mpaka inzi njo banauza. Na kulikuwa ule muvuvi wa Mboko, mwenye kucheka-cheka, anamuongezeaka samaki bure. Nani anaongezaka bure? Penye moshi hapakosi moto. Ulimi hauna mufupa, mwanangu: nikapeleka ile maneno ya mama na muvuvi kwa lubunga, kule bazee wetu Babembe banakatia mambo.

Baba mudogo akakunja uso. "Kama ni kweli, arudi kwabo Lubondja."

Njo nikaona nimewasha nini. Mama atoke mu nyumba yenye alinizalia?

Shangazi alikuwa anapita na beseni ya muhogo. Bamama habaingiake kule, akasimama inje, akapandisha sauti: "Wee mupumbavu! Na mi kitenge yangu ililoaka myaka mingi. Bwana yangu alikuwa nani? Mamba?"

Bazee bakacheka. Baba mudogo, apana. "Na ule muvuvi?"

"Ule anaongezeaka kila mama, hata mi mwenye meno mbili! Damu ya mwezi ikianza kukatika, moto inapanda mu mwili, jasho inaloesha malalo, usingizi inakimbia. Asubui anafula. Muke yako ulimuulizaka?"

Baba mudogo akakunjua uso, neno ya Lubondja ikaishia pale. Muke yake naye anaanikaka kitenge kwa kamba kila asubui.

Basi, mwanangu, mama akifika ile myaka, usimupeleleze. Mufungulie dirisha, mutafutie shuka nyepesi. Akisinzia muchana, uza wewe. Ikimuzidi, mupeleke kwa santri, kwa badokta. Kule banasema ni homoni zinapunguka, na banaweza kumusaidia. Kuuliza si ujinga. Kunyamaza na kuwaza mabaya, njo ujinga. Mungu akupe mama wa kuzeeka karibu yako, na akufunge mudomo mbele ya kuharibu.

Mama alisikia yote. Jioni akaniwekea bugali, akaniangalia:

"Uliuliza kamba, uliuliza bazee, uliuliza mpaka samaki. Mi peke yangu njo haukuniuliza."