Nilivyopeleka Nywele za Bibi-Harusi Queensburgh

Nianze na ujinga wangu, kabla dada yangu hajawaandikia ninyi wa Uvira habari yake ya kunichafua: nilijibandika kichwani wigi la bibi-harusi. Lilikuwa la mteja wa Mama, nywele nyeusi zilizonyooka hadi kiunoni, na harusi ilikuwa kesho yake. Ile gundi ya saluni hupakwa kidogo tu pembeni. Mimi nilimaliza chupa.

Sababu ya safari ni huyo huyo dada, Furaha, wa miaka kumi na minne, anayesoma Queensburgh, kitongoji cha nje ya jiji. Nywele zake huzifunga juu zikawa kama mpira wa miguu. Mwalimu mkuu, mama wa Kizungu, alimwambia zinafanana na kichaka, azinyooshe au azinyoe, la sivyo darasani haingii. Alhamisi nzima alikalishwa kwenye benchi nje ya ofisi. Dawa ya kunyoosha ilishamuunguza zamani, kovu liko nyuma ya sikio. Furaha alisema akilazimishwa, shule basi, na Furaha si mtu wa kutania, hiyo kazi ni yangu. Mama, ambaye pale saluni kwake, mtaani kwetu Albert Park, hugombana hata na redio, safari hii alishusha sauti. Alisema watu wenye karatasi za ukimbizi zinazofanywa upya kila miezi sita hawabishani na shule. Ijumaa jioni atampaka dawa, iishe.

Usiku nikasoma kanuni kwenye daftari la Furaha: nywele ziwe nadhifu, zilale chini, zikiwa ndefu zifungwe. Nikaona kanuni imeacha mlango wazi: haisemi nywele ziwe za nani.

Ijumaa saa moja asubuhi niliondoka Albert Park nimevaa sare ya shule yangu, ambayo siku hiyo iliarifiwa kwamba naumwa tumbo. Wigi nilikuwa nimelifunga kwa utepe wa bluu. Vijana wa duka la simu walinipigia mbinja, halafu wakanitambua, wakaona aibu kuliko mimi.

Kwenye teksi ya Queensburgh, ambayo huku ni basi dogo, niliketi karibu na gogo mmoja, yaani bibi mzee wa Kizulu, aliyeniita sisi, dada, kwa upole, akaniuliza nateremkia wapi. Nikamjibu kwa sauti yangu, ambayo ni ya mwanamume tangu mwaka juzi. Akaniangalia utepe, akaniangalia ndevu zangu tatu, akasema eish. Baada ya robot ya pili, taa za barabarani, gundi ilianza kuwasha. Gogo alinishika mkono nisijikune, akanifundisha kwamba kichwa cha namna hiyo hupigwa makofi. Basi nikafika Queensburgh najizaba makofi njia nzima, na yeye akinisaidia upande nisioufikia.

Saa mbili na nusu, getini. Mlinzi alikuwa Papa Riziki, Mkongomani mwenzetu wa kanisani.

"Bahati, iko nini ku kichwa yako?"

"Nywele, Papa."

"Ya nani?"

Nilimweleza. Akasema ana watoto wanne na hii kazi anaihitaji. Kisha akanisukumia kitabu cha wageni nisaini, akisema kwa sauti ya chini kwamba binti yake wa kwanza anaanza hapa Januari, na nywele zake ni nyingi kuliko za Furaha.

Nje ya ofisi Furaha alikuwa kwenye benchi lake. Aliponiona alifunika uso kwa begi, akaomba Mungu amchukue.

Ofisini nilimwambia mwalimu mkuu kwamba mimi ni kaka yake Furaha na naomba nikaguliwe. Alidhani namfanyia mzaha, na hapo alikuwa sahihi kabisa. Nikamwekea daftari mezani, tukapitia kanuni pamoja. Nadhifu? Zimechanwa. Zimelala? Zimelala mpaka kiunoni. Zimefungwa? Na utepe wa rangi ya shule yake. Akasema nilivue hilo dude. Nikavuta, likavutika na nyusi. Ikabidi nimweleze habari ya gundi.

Hapo mzaha wote ukaniishia, sijui ulikwenda wapi, nikasema lile nililoendea: "Madamu, hizi nimezibandika, na zimepita. Za Furaha zimeota, na hazikupita. Hii kanuni haiulizi kama nywele ni safi. Inauliza kama zinafanana na za kwenu."

Alikuwa mwekundu shingoni. Ndipo karani wake, mama wa Kizulu aliyekuwa akichapa barua pembeni, akaacha kuchapa.

"Na hii yangu ni wigi, madamu," alisema. "Nilipoajiriwa nilikuja na zangu. Uliniuliza kama nimeamka bila kuchana."

Mwalimu mkuu akasema hakumbuki. Karani akasema yeye anakumbuka. Mimi nikajizaba kofi moja la kichwa, kwa kuwashwa tu.

Mwisho ikaamriwa hivi: Furaha arudi darasani na nywele zake, na Jumatatu mzazi aje kuzungumza juu ya kanuni. Mzazi, alikazia, si mchekeshaji. Nilimshukuru, lakini nilitoka na wasiwasi, kwa sababu mzazi tuliyenaye ni yule aliyeshusha sauti.

Nilimngoja mpaka shule ikatoka, na kwenye teksi ya kurudi Furaha aliketi kiti cha mbele kabisa akijifanya hanijui. Tulipoteremka alinishika mkono, kidogo, akauachia haraka.

Saa kumi jioni, saluni. Wigi lilikuwa limeshika kama paa la bati. Nilijifunza kwamba gundi hutoka kwa mafuta ya kupikia, mkia wa kitana na nyusi moja, na kwamba Mama akinyamaza inatisha kuliko akipiga kelele. Nilimsimulia yote, kanuni, karani, Jumatatu. Aliendelea kumimina mafuta. Chupa ya dawa ya kunyoosha ilikuwa mezani tayari. Akaichukua, akairudisha kabatini. Halafu Mama akasema:

"Jumatatu nitaenda miye mwenyewe, na nywele yangu ikisimama. Na weye funga kinywa, mafuta itaingia."