Mgongo wa Mkono

Fundi wa mitambo wa kanisa letu hapa Mikindani hagusi maikrofoni kwa vidole. Huigusa kwa mgongo wa mkono, taratibu, kama mama anayepima homa ya mtoto, kisha hunitazama midomo. Mimi ndiye mpiga gitaa, na kila Jumapili humlalamikia kwamba sauti yangu siisikii, aongeze. "Ngoja kwanza, ndugu yangu," hunijibu kwa ile sauti yake ya chini, macho yakifuata waya mpaka ukutani.

Jumapili iliyopita mvua ilipenya mabati, sakafu ya madhabahuni ikawa majimaji. Nilipoinamia maikrofoni, gitaa mkononi, umeme ukanipiga mdomoni, nikaruka nyuma nikipiga ukelele. Waumini wakadhani Roho amenishukia. "Haleluya!" Vigelegele vikapaa. Yeye peke yake hakushangilia. Alizima kila kitu, akabadilisha waya, akawasha. Kisha akaja akavua viatu, akasimama palepale nilipopigwa, ndani ya maji, akashika nyuzi za gitaa langu kwa mkono mmoja. Ule mwingine akaupeleka kwenye maikrofoni, mgongo mbele, ili umeme ukiwepo vidole visije vikaing'ang'ania. Akafumba macho, akagusa. Hakuruka.

"Imba sasa," akaninong'oneza, "lakini usiikaribie sana."

Akarudi mitamboni bila kuvaa viatu. Niliimba beti zote nikimtazama. Kidole chake hakikutoka kwenye swichi kubwa, na midomo yake ilikuwa ikitamka maneno yasiyokuwa ya wimbo wetu.