Bata wa Violet

Vita vilipita Butembo miaka ile kwa makundi yenye majina marefu, lakini nyumbani kwetu vita vilikuwa kati ya bata wa mama mkwe na violet yangu.

Mimi ni binti wa Beni niliyeolewa Butembo, na nilikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya kilicho mlimani juu ya nyumba yetu. Wagonjwa walikuwa wengi na dawa chache, basi karibu kila kitu tulipaka violet, ile dawa ya maji ya zambarau: vidonda, upele, midomo ya watoto. Tembe zilizopitwa na wakati tuliziyeyusha kwenye beseni tukamwaga. Maji yote hayo, pamoja na ya kuoshea violet, yalishuka kwa mfereji hadi kwenye kidimbwi cha mama mkwe, ambako bata waliingia weupe wakatoka na rangi ya vazi la padri wakati wa Kwaresima. Mayai yakapungua. Na mayai yale ndiyo yaliyotupatia chumvi na sabuni, kwa kuwa mume wangu, mwalimu wa kemia, alikuwa amesahau sura ya mshahara.

“Bata yangu banakunywa dawa ya bagonjwa,” mama mkwe aliniambia. “Mwisho bataomba kitanda kule kwenu.”

Mume wangu akaweka pipa mwishoni mwa mfereji, juu kidogo ya kidimbwi, ili likusanye maji machafu. Kisha akachukua bati la zamani, akalipaka saruji nyepesi, na kabla haijakauka akainyunyizia unga mweupe ule wanaotia kwenye rangi za ukuta. Akaliinamisha juani, maji yatoke kwenye pipa yapite juu yake polepole, nasi tuyateke chini tuyarudishe juu.

“Jua ikigonga huu unga, unga unaamuka, unakatakata dawa mu mayi,” alieleza, akionyesha maji ya pipani.

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Lakini hata kitenge kikisahauliwa kambani hufubaa, na maji yale, siku ya jua kali, yaliingia kidimbwini bila rangi.

“Violet tunaiona,” akasema, kwa maana hakujua kujisifu hadi mwisho. “Dawa ya tembe hatuione. Donc, basi, tuendelee kupitisha.”

Tukaendelea. Bata hawakurudia weupe wao, manyoya ni manyoya, lakini mayai yalirudi, na mama mkwe akaanza kunisalimu asubuhi.

Kosa la mume wangu lilikuwa maandishi. Alitaka watu wasiguse maji ya pipa, basi akaandika juu yake kwa herufi kubwa: MAYI YA DAWA. Kwa mtu wa kemia hilo ni onyo. Kwa watu wengine wote ni tangazo. Kulipokucha, foleni ya bidoni, madumu ya kila rangi, ilikuwa imefika barabarani. Mmoja alitaka ya goti, mwingine ya bwana asiyetulia nyumbani. Nani atakimbia dawa wakati wa vita? Nilifoka mpaka sauti ikakauka.

Habari zikafika porini. Wakaja vijana wenye majani kichwani, wale wanaonyunyiziwa maji ili risasi zigeuke maji zikiwafikia. Mkubwa wao alisoma pipa, kisha akawatazama bata kwa heshima.

“Mwalimu, utupatie hii dawa. Kesho tunashuka kupigana.”

“Hapana dawa, kamanda,” mume wangu alisema, akionyesha kidimbwi. “Jua ilikula yote.”

“Jua inakula dawa?”

Kamanda aliangalia mbingu kama mtu aliyesalitiwa. Wenzake wote wakahamia kivulini. Nilijifanya nakohoa.

Lakini pipani violet ilikuwa bado imekolea. Kamanda akamwamuru kijana mmoja ajaze bidoni. Nikasema hiyo ni ya vidonda, si ya risasi. Akanijibu kwamba mwanamke hasemi mbele ya dawa.

Hapo mama mkwe akanyanyuka. Alimkamata bata aliyekolea violet kuliko wote, yule aliyetaga vizuri, akamlaza juu ya jiwe.

“Huyu anaoga mu hii dawa yenu tangu zamani,” alisema. “Kama iko na nguvu, kisu itageuka mayi.”

Kisu hakikugeuka maji.

Kamanda aliiangalia damu. Kisha akaagiza bidoni imwagwe. Wakasema “wasingya, mama,” maana adabu ya kushukuru walikuwa nayo, wakapanda njia yao.

Mama mkwe akakaa kumnyonyoa bata, machozi yakimtiririka. Roho iliniuma. Nikamwambia pole, sokoni Lubero tutampata mwingine wa kutaga.

Aliniangalia kwa hasira.

“Nani analia bata? Ule kijana wa kubeba bidoni, haukumuona? Hana hata ndevu. Na kesho atashuka tu.”