Nimesign Kiwanja Chetu Kikaenda

Watu wangu, leo nimemnyamazisha mtoto wangu mbele ya mtaa mzima, na sikufungua hata mdomo.

Chebet wangu mnamjua. Digrii ya mipango ya miji, wa kwanza ukoo mzima, na nimemsomesha kwa kuuza sukumawiki hapa hapa Nakuru. (Sitaacha kusema!)

Leo tulikuwa na mkutano kuhusu kile kiwanja tuliahidiwa zahanati. Sasa wakubwa wa wodi wanataka kujenga maduka ya watu wao.

Mlangoni karani akanipa karatasi, imekunjwa juu, naona mistari ya majina tu. "Mathe, andika jina na usign. Ni ya kuonyesha umekuja tu."

Nikasign wa kwanza, mwandiko safi, nikapewa soda.

Chebet akasimama kutetea zahanati. Aki alivyoongea! Wazee wakapiga makofi. Nikaambia jirani, "Huyo nimezaa mimi."

Mheshimiwa wetu wa wodi akatabasamu, akaikunjua ile karatasi.

"Binti yangu, mbona wananchi wameshakubali? Hebu wasomee."

Chebet akasoma, "Sisi wakazi tunaunga mkono maduka." Halafu akafika kwa jina langu, akanyamaza.

Watu wakacheka. Hata nyinyi mlisign nyuma yangu mlicheka, nimewaona.

Akarudisha maiki, akakaa.

Njiani nikamwuliza, "Umenikasirikia, mami?"

"Hapana, mum. Nimechoka tu na hii Nakuru."

Wazazi wenzangu, mtoto wa miaka ishirini na nne akikwambia hivyo, unamjibu nini?