Lame Nne za Lori

Mama alipovunjika mguu, ndugu zake walikuwa wamekwisha kukata mianzi ya kipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani na watu wanne. Walitaka kumfikisha hospitali ya misheni kwa siku mbili, wakienda taratibu na kupumzika kila penye kivuli. Mimi ndiye niliyewakataza. Nilikuwa fundi wa magari Likasi, ambayo siku zile tuliiita Jadotville, na habari nililetewa na mchuuzi wa samaki mwenye baiskeli. Alisema mama ameteleza akitoka mtoni, mfupa wa muundi umevunjika, mganga wa mifupa ameufunga kwa vijiti, lakini mguu umekaa upande. Asipofika kwa daktari, hatatembea tena. Nikamjibu hapohapo, mbele ya majirani: "Uende uwaambie wasimuguse. Kipoyi ni mambo ya wakati wa Babeleji. Mama yangu atapanda motokari."

Nilisema kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie. Nikikumbuka sauti ile natamani kujizaba kofi.

Motokari lenyewe lilikuwa break kuukuu, gari lenye nyuma ndefu, aliloniachia Mbeleji mmoja alipokimbia na masanduku mawili. Injini ilikuwa nzima. Shida ilikuwa nyuma. Lame, zile bapa za chuma zinazolala moja juu ya nyingine na kubeba uzito wa gari, zilikuwa zimechoka kabisa, matako ya gari yakakaribia kugusa ardhi. Mjini kwenye lami ulikuwa unaweza kuvumilia. Lakini barabara ya kwenda kwetu, ng'ambo ya Lufira, ilikuwa imekufa. Katanga ilikuwa nchi peke yake mwaka wa pili huo, tulikuwa na bendera yetu na stempu zetu, ila daraja la kwenda kwa mama lilikuwa limelala ndani ya maji. Nani alilivunja? Wengine walisema hawa, wengine wale, na kila aliyesema aliangalia kwanza nyuma yake. Ilibaki njia ya wachoma makaa, inayozunguka mbali porini mpaka kwenye kivuko cha mawe, yenye visiki, vichuguu na mabonde ya matope. Gari langu lilivyokuwa, lisingemaliza hata robo yake.

Basi nikaamua kuliinua nyuma. Nilijipa siku nne.

Siku nne, wapi! Wiki nzima iliisha nikitafuta lame tu. Bidhaa hazikuingia, maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa, na kila chuma chenye maana kilikuwa na mwenyewe. Mwishowe nikapata lori lililokufa nyuma ya machimbo, nikalala chini yake siku mbili nikifungua bolti zilizoshikana kwa kutu, nikatoka na lame nne, pana na nene. Nilizibeba begani mbilimbili. Sijawahi kuwa na furaha ya kijinga kama ile.

Zilikuwa ndefu mno kwa gari langu, ikabidi kuzikata. Chuma cha lame hakitaki moto. Ukikipasha kinalegea, hakirudi tena kuwa lame. Nilizikata kwa msumeno wa mkono na jiwe la kunolea, nikizimwagia maji. Kutoboa tundu la katikati kulinivunjia keekee tatu. Halafu bolti za kufungia, zile zilizopindwa kama kwato, zikawa fupi kwa unene mpya, na rafiki yangu, mchomeleaji wa karakana ya jirani, akanipindia nyingine kutoka kwenye vyuma vya ujenzi. Ndege zilipita juu ya mji katikati ya kazi hiyo, watu wakajifungia ndani siku mbili, nami nikakaa nyumbani nikiwatukana wote wenye ndege, wetu na wa wengine. Kila jioni mke wangu aliuliza: "Na mama?" Kila jioni nilijibu: "Bado kidogo."

Gari likainuka. Ee, liliinuka kweli! Lilisimama na makalio juu, watoto wa avenue, wa mtaani kwetu, wakaja kulicheka, nami nikacheka nao. Lakini ukiinua kitu kimoja kwenye gari, vingine vyote vinakuja kukulilia. Mrija wa breki ukawa mfupi, nikaunga mwingine. Halafu amotisere, vile vyuma viwili vinavyozuia gari lisirukeruke, navyo havikufika tena. Hizo sikuwa na la kuzifanya. Nilizifungua, nikaziweka kando, nikajiambia nitatafuta nyingine nikisharudi na mama.

Wiki tatu zilikuwa zimetimia.

Nililijaribu kwenye mlima wa takataka za shaba, nikiwa nimepakia mifuko sita ya mchanga. Lilipanda, likashuka, likapita mashimo bila kugusa popote, na ndani ulikaa vizuri kabisa. Mchomeleaji alikuwa pembeni yangu, anakula karanga. Akaniuliza: "Na bila mizigo, litakuwa namna gani?"

"Weye ni soudeur," nikamwambia. "Choma vyuma vyako. Usinifundishe kazi."

"Aa, patron, minye nauliza tu."

Aliuliza tu. Nami nikateremsha ile mifuko sita ili mama apate nafasi ya kunyoosha mguu.

Kwenda, nilikuwa peke yangu. Gari lilinitupa mpaka kichwa kikagonga paa, meno yakagongana, kopo la petroli likacheza nyuma njia nzima. Nikaona raha. Nilipita kisiki kilichonifika gotini, nikapita bonde ambalo lori lilikuwa limezama na kuachwa, na kila mara nikijisifu kwa sauti, peke yangu, kama kichaa. Kule kurushwa nilikuona ni nguvu ya gari. Mimi, fundi wa miaka kumi na moja, ninayejua kwamba lame ya lori haipindi mpaka ipewe mzigo wa lori, nilikaa juu ya lame nne kavu, nikaimba.

Nilipofika walinipokea kwa vigelegele. Mama alikuwa ameketi mkekani, amevaa libaya, blauzi yake ya misa, na kitambaa kipya kichwani. Tangu asubuhi ya siku aliyopata ujumbe wangu, wiki tatu nyuma, alikuwa akijifunga kitambaa hicho kila siku, kwa kuwa hakujua nitafika lini. Alikuwa amekonda, lakini uso ulikuwa mzuri. Akanionyesha vidole vya mguu vikicheza, akiniita papa, yaani baba, kama mama wa kwetu wanavyowaita wana wao.

"Angalia, papa. Haiumi tena sana. Mufupa umeanza kushika."

Mjomba, kaka yake mkubwa, alikuwa amekaa karibu na kile kipoyi kilichoegemezwa ukutani. Kamba zake za magome zilikuwa zimekauka na kukatika. Akasema tu: "Tulikungojea, mutoto. Ulisema tungoje, tukangoja."

Tulitandika majani na blanketi nyuma ya gari, tukamlaza mama. Mdogo wangu wa kike, ambaye ndiye aliyekaa naye siku zote, alikaa pembeni na kuupakata ule mguu. Mama hakufika uzito wa mfuko mmoja wa mchanga. Dada yangu naye alikuwa msichana mwembamba. Nilifunga mlango, nikawapungia watu mkono.

Kama saa moja hivi mama alivumilia. Nilimsikia akisali chinichini. Halafu akaita: "Papa, polepole."

"Mama, hapa ni matope. Nikienda polepole tutazama."

Haikuwa uongo, lakini nilisema kwa hasira, maana niliona kama analitukana gari langu. Baadaye dada akaniita yaya, yaani kaka mkubwa: "Yaya, simama kidogo, anaumia." Nikamwambia aushike mguu vizuri, kazi yake ni hiyo.

Ulikuwa mzizi, wala haukuwa mkubwa. Gurudumu la mbele likapita kwa adabu. La nyuma likagonga, na nyuma yote ya gari ikapaa, na hapakuwa na kitu cha kuizuia, ikashuka, ikapaa tena. Dada akapiga yowe. Mama hakupiga yowe. Alisema "Aa", kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, basi.

Nilisimamisha, nikazunguka nyuma. Vijiti vilikuwa vimechomoka. Muundi ulikuwa umepinda upya, pale ulipokuwa umeanza kushika. Dada alikuwa ameukumbatia mguu kwa mikono yote miwili, analia bila sauti, na mama, jasho linamtiririka, alikuwa anampapasa kichwa yeye.

Unajua nilifanya nini? Nilikwenda kuokota mawe. Ghafla nilijua kila kitu, kila hesabu ya lame na mzigo ilinijia kichwani kama shuleni. Niliokota mawe, nikayapanga chini ya viti na pembeni, mengi, mpaka nyuma ya gari ikashuka na lame zikalala kidogo. Nikaendesha. Na gari likaenda laini, Mungu wangu, laini kabisa, mpaka mama akasinzia. Mawe yalikuwa yamejaa njia nzima, tangu mlangoni kwa mjomba. Nililia kwa hasira mpaka nikashindwa kuona mbele.

Hospitali ya misheni, mtawa aliyekuwa muuguzi, masere kama tulivyowaita, alifungua vitambaa tulivyofungia ule mguu, akapapasa mfupa kwa vidole viwili, akafumba macho. Alikuwa mzee, na alijua kazi yake. Akasema kwa Kiswahili: "Huu umevunjika mara mbili. Mara ya kwanza ni zamani, ulikuwa umeanza kushika. Mara ya pili ni leo. Nini ilifanyika?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Mama akaniwahi.

"Ni minye, masere. Tulisimama njiani tupumuzike. Nikajikaza niende pembeni, nikaanguka."

Masere akamgeukia dada yangu. "Na weye unayemulinda, ulikuwa wapi?"

Dada aliniangalia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi, mtu mzima, mwenye mke, mwenye kazi. Alingoja. Hata leo siwezi kusema alingoja muda gani, ila aliningoja. Halafu akainamisha kichwa.

"Nilikuwa nachota maji, masere. Unisamehe."

Masere akamgombeza palepale mbele ya wagonjwa wote, kwamba msichana mkubwa hivi haoni aibu kumwacha mzazi wake peke yake porini. Nilisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikatoka nje kuteremsha mawe.

Daktari alifanya alichoweza. Mguu ukaoza kidogo, ukapona kidogo, ukabaki mfupi na mgumu, na mama hakusimama juu yake tena. Aliishi miezi michache, akijiburuta mkekani, na dada akimbeba kwenda haja na kumrudisha. Kila mgeni aliyekuja alisimuliwa jinsi alivyoanguka njiani. Mwanzoni hadithi ilikuwa fupi. Baadaye mama akaiongezea kijito, akaongeza kibuyu cha maji, akaongeza na ndege aliyelia, mpaka ikawa kweli kuliko kweli yenyewe. Nilikuwa naketi hapohapo. Mara moja tu, tukiwa wawili, nilianza: "Mama, ile siku…" Akanikatiza: "Papa, leta ile chumvi." Nikaleta chumvi. Sikurudia, na usidhani ni yeye aliyenizuia. Nilishukuru kukatizwa.

Alikufa vita ikiwa bado haijaisha. Nilikwenda na break lilelile, safari hii nikiwa nimelipakia inavyotakiwa.

Matangani, dada yangu alikuwa anapitisha maji kwa wazee. Alipofika kwa mjomba akapiga goti, akamwinulia kikombe kwa mikono miwili. Mjomba hakunyoosha mkono. Akasema, bila kelele, lakini uwanja mzima ulisikia: "Minye siwezi kunywa mayi ya mukono ile. Dada yangu alikuwa anapona. Mukono ile ilimuacha akaanguka."

Dada akabaki amepiga goti, kikombe juu. Mara hii hakuniangalia.

Niliinuka. Watu wakanipisha. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, tangu lame ya kwanza mpaka jiwe la mwisho, na nilifika mpaka pale walipokuwa. Nikakichukua kikombe mikononi mwa dada yangu, nikampa mjomba.

"Aksanti, mutoto," akasema. "Weye angalau ulijaribu."

Akayanywa yote.